Isale la Mkwe Limepokelewa na Halmashauri

Jamani, leo nimeaibika kweupe, ukumbi mzima ukitazama. Nawaandikia upesi, mashoga zangu mlioolewa mbali, kabla Anjela hajawapigia simu na kutia chumvi. (Anjela yule yule aliyeangusha keki ya kipaimara cha Elinaike. Mimi sisahau.)

Asubuhi nilikuwa na safari mbili. Ya kwanza, mkutano mjini. Wanasema serikali inashusha madaraka kwenye halmashauri, basi vikundi vya kujitolea tukaitwa tutoe maoni: halmashauri ipewe madaraka gani, na kipi isikiguse. Kikundi chetu cha akina mama wa mfongo kikanichagua mimi nikaseme. Mimi wa darasa la pili! (Mwalimu wetu alikuwa Ndetaramo, kofia haimtoki kichwani.)

Neno letu lilikuwa moja tu. Mfongo, mfereji ule unaoleta maji vihambani kwenye migomba yetu, ulichimbwa na babu zetu, kwa hiyo zamu za maji tugawane wenyewe. Halmashauri ilikuwa imetia kufuli kwenye lango la mfongo. Ufunguo mjini, migomba mlimani! Majani yakaanza kukunjamana. Halafu siku moja kufuli likaonekana limevunjika. Nani kavunja? Hajulikani. (Mimi, Anjela na jiwe. Mkisema, nitakana.)

Safari ya pili ilikuwa Rau, kwa mkwe wangu Mama Apaikunda, aliyemzaa mume wa binti yangu. Kwenye ubatizo wa mjukuu nilisema mtori wake wa ndizi ni maji ya kuoshea sufuria. Nilidhani nanong'ona. Kumbe kwaya ilikuwa imenyamaza!

Basi nikakata isale, nikalipiga fundo. Mnajua kwetu: ukimkosea mtu unampelekea jani hilo. Akishalipokea kwa mkono wake, amesamehe. Harudi nyuma.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Karatasi ya maoni nikaiviringisha kwenye jani la mgomba isilowe. Isale nalo nikaliviringisha kwenye jani la mgomba lisinyauke. Vyote viwili ndani ya kikapu kimoja. (Akili hizo!)

Ukumbini tukapewa dakika tano kila kikundi. Kijana mmoja kutoka Dar, mwenye tai, alishika kengele na kuandika maoni ubaoni. Mbele alikaa afisa wa halmashauri, Bwana Anaeli. Nikamtambua hapo hapo. Mtoto wa Ndekusara, huyo! Utotoni alikuwa anakula udongo.

Wa mbele yangu akasema vizuri sana. Nikatia mkono kikapuni, nikashika kifurushi cha kwanza. Nikaitwa.

Nikaenda mpaka mezani. Nikapiga goti kidogo, si unajua, mkubwa ni mkubwa hata kama alikula udongo. Nikampa kifurushi kwa mikono miwili. Akakipokea kwa mikono miwili. Akafungua.

Isale!

Ruwa wangu, Mungu wangu! Ukumbi mzima ukanyosha shingo. Mtu kapiga goti, kainamisha kichwa, katoa isale. Hata mtoto wa chekechea wa huku angejua ninaomba radhi.

Yule wa Dar peke yake hakujua. Akauliza, "Bibi, hicho ni kiambatisho?"

Bwana Anaeli akasimama. Macho yamemlegea kwa huruma.

"Mama, nimelipokea. Yameisha."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akatoa leso.

Kisha akauliza kwa upole, "Ila mama, ulinikosea nini?"

Nikafungua mdomo nimwambie nimekosea kifurushi. Ndipo Anjela, kutoka safu ya tatu, akaninong'oneza kwa sauti ile ile ya kuita ng'ombe:

"Ndeshi! La kufuli usilitaje!"

Jamani.

"Kufuli?" akasema Bwana Anaeli. "Kufuli la mfongo? Kumbe ni nyinyi!"

"Ni jiwe," nikasema. (Ndicho nilichosema. Mbele za watu. Ni jiwe.)

Ukumbi ukapasuka. Wazee wakapigapiga magoti yao. Bwana Anaeli akainua kidole, nikajua sasa naitiwa polisi. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti:

"We Anaeli! Isale umeshalipokea!"

"Lakini sikujua kosa..."

"Uliuliza baada ya kupokea! Kosa ni lako!"

Akaliangalia jani. Jani likamwangalia. Kidole kikashuka.

"Haya. Nimesamehe. Na kufuli jingine halitawekwa mpaka nisome maoni yenu. Yako wapi?"

Kengele, kring! Dakika tano zimekwisha. Yule wa Dar alikuwa ameshaandika ubaoni, herufi kubwa: KIKUNDI CHA MFONGO: KINAOMBA MSAMAHA.

Karatasi ilikuwa kikapuni, karibu kabisa na mkono wangu. Lakini miguu ilikuwa imeshanifikisha mlangoni. Nyuma nikasikia, "Basi yaletwe kesho kabla ya saa sita!"

Nikafika Rau jasho linanitoka. Mama Apaikunda amekaa barazani, mikono kifuani, anangoja isale lake.

"Liko wapi?"

"Liko halmashauri."

Nikamweleza yote. Mwanzo alikaza uso. Nilipofika kwenye "ni jiwe" akashika nguzo ya baraza. Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Kisha akaichukua ile karatasi, akaisoma kwa sauti: "Tunaomba madaraka ya kugawa maji yabaki kwa wenyewe."

Akaikunja taratibu.

"Sawa kabisa, mkwe. Na mtori wangu si ulisema ni maji?"

Nikajifanya nafuta jasho.

"Basi ukiingia humu ndani, madaraka ya kuyagawa ninayo mimi."

Akaleta bakuli. Nikanywa. Akajaza. Nikanywa. Sasa niko bakuli la tatu, naandika kwa mkono mmoja, na amesema msamaha uko chini ya la nne. (Mtori ni mtamu, jamani. Hilo ndilo linaloniuma.)

Kesho maoni yatafika kabla ya saa sita. Atayapeleka mkwe mwenyewe. Mimi nimekatazwa kukaribia ofisi yoyote nikiwa na kitu kilichofungwa kwa jani.

Mkinicheka, chekeni polepole. Tumbo langu limejaa, haliwezi kuwasaidia kucheka.