Hewa ya Mguu wa Kushoto

Jamani, leo nimeaibika, tena kwa mguu mmoja. Ule wa kulia hauna kosa.

Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu ni basketi, hizi raba za kukimbilia. Kukimbia kwenyewe sikimbii. (Basi likiniacha, nalipungia mkono.) Lakini nikiona kiatu chenye kidirisha cha hewa kisiginoni, moyo unanienda mbio kwa niaba ya miguu.

Tuko kikundi kizima cha wagonjwa wa namna hii hapa Lubumbashi. Kila Jumapili mchana tunakutana kwenye uwanja wa saruji kule Kampemba. Mwenye kiatu kipya anaweka mguu juu ya kasiya, yaani kreti ya bia, iliyopinduliwa, wengine tunainama, tunabonyeza hewa, kisha kila mtu anatoa maoni. Maoni yangu ndiyo makali kuliko ya wote. Nimeshawahi kumwambia mtu kiatu chake kina pumu. Alirudi kwao pekupeku.

Leo tulikuwa tunachagua rais. Rais wetu, Yaya Ramazani (yaya kwetu ni kaka mkubwa), anahamia Mitwaba kwa biashara yake ya vitenge. Wagombea tulikuwa wawili, mimi na kijana anayeitwa Trésor. Msiudharau urais wa basketi. Rais ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kila kiatu, na mimi nililitaka neno hilo kuliko chakula.

Shida ni kwamba Trésor amepata toleo jipya kabisa, hewa inaanzia kisiginoni mpaka kwenye vidole. Zangu zina hewa kisiginoni tu, na zilikuwa zimejaa vumbi jekundu la Ruashi, tunakokaa. Alfajiri mama yangu akazifua bila kuniambia (mama akikupenda, haombi ruhusa). Mvua ilikuwa inanyesha, basi akaziweka zikauke kando ya mbabula, lile jiko la makaa anapokaangia mikate anayoiuza Jumapili pembeni ya uwanja huohuo wetu.

Nilitoka kanisani nimechelewa, nikapita nyumbani, nikazivaa mbiombio. Mama, ambaye huniita Papa, akaniita kwa nyuma: "Papa, ngojea kwanza. Ile ya kushoto..."

Sikungoja. Tangu lini rais akangoja?

Njiani niliona kama Ruashi yote imelalia upande wa kulia. Nikatazama chini. Kidirisha cha hewa cha kushoto kilikuwa kimevimba, kimetoa tumbo nje kama mkate wa Mama ukiwa kwenye mafuta. Cha kulia kilikuwa vilevile. Nilikuwa mrefu upande mmoja! Nyumbani sina nyingine za kuonyesha watu, kwa hiyo nikajipa moyo: kwenye kasiya nitapandisha mguu wa kulia, wa kushoto nitauficha nyuma.

Trésor ndiye aliyeanza. Watu waliinama mpaka nikaona visogo tu. Walibonyeza, walinusa, mmoja aliweka sikio. Hata Gracia, dada ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu tuanze kikundi, akasema, "Iko muzuri, vraiment." Nikajua nimekwisha.

Zamu yangu ikafika. Nikapandisha wa kulia, kifua mbele. Gracia akawa anautazama ule niliouficha, akaniita kwa jina.

"Dieumerci, leta na ile ya kushoto."

"Ya nini? Iko sawa na hii."

"Leta tu."

Nikaleta. Gracia akainama.

"Juu ya nini ya kushoto inapita ya kulia?" akauliza, yaani kwa nini imeizidi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema: "Hii ndjo modèle ya sasa. Muntu akianza kukimbia, mguu ya kushoto ndjo inasukuma. Donc banaweka hewa mingi kule." (Sijui ilitoka wapi. Ilikuja imeshakamilika.)

Mambo yaliyofuata sikuyatarajia. Yaya Ramazani alibonyeza, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hii hewa iko na nguvu." Mmoja akapiga picha. Mwingine akasema ameshaiona kwenye simu, nami nilikuwa nimeibuni dakika ileile! Trésor alizitazama zake kwa huzuni.

"Zangu ziko sawasawa kama za mwalimu," akasema, akanigeukia. "Yaya, nitapata hii wapi?"

"Haiyafika Afrika," nikamjibu.

Akanyoosha mkono. "Bon. Miye natoka mu vote. Huyu anatupita."

Makofi yakapigwa. Nilimhurumia, ila furaha ilikuwa kubwa kuliko huruma.

Nilisahau kitu kimoja. Kwetu rais mpya lazima auzunguke uwanja mara moja, mbio. Nikaanza. Kila mguu wa kushoto ulipogusa saruji ulinirusha juu, na watu wakawa wanaambiana, "Unaona? Inasukuma!" Nikanogewa, nikaongeza mwendo, nikafika kwenye kona wanapouza akina mama.

PAAA!

Kuna aliyelala chini. Kuna aliyemwita Yesu. Mimi nilikuwa kifudifudi kwenye saruji, na kisigino cha kushoto kilikuwa bapa kama chapati.

Aliyefika wa kwanza ni Mama, ndio kwanza alikuwa anatua beseni lake la mikate. Mama ni wa kwaya. Sauti yake haihitaji kipaza sauti.

"Papa! Sikukuambia ungojee? Ile ya kushoto ilikaa karibu sana na mbabula, ikavimba. Nilitaka niitie mu maji ya baridi!"

Uwanja mzima ulisikia. Nilitamani saruji ile ipasuke na yenyewe.

Trésor akaja taratibu, akachuchumaa mbele ya Mama kwa adabu zote. "Mama, yaya alituambia hii modèle haiyafika Afrika. Kumbe banaitengenezaka kwenu Ruashi."

Gracia alikaa chini kabisa. Yaya Ramazani alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanamtikisika. Kisha watu wote wakaenda kusimama nyuma ya Trésor, wala hakuna aliyewaambia. Na mimi nikaenda, nikichechemea, maana kura ni kura.

Rais mpya alimnunulia kila mtu mkate wa Mama. Wangu aliuleta mwenyewe. "Bonyeza kwanza, yaya, uone kama iko na hewa."

Sasa niko nyumbani. Mama ananionea huruma sana. Anasema nikitoka na kiatu kimoja bapa na kingine kizima, watu watanicheka, kwa hiyo amekipakata cha kulia na ana sindano mkononi, anataka zilingane. Tafadhali msicheke. Njooni mumzuie.