Hesabu Hadi Arobaini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wamefunua tena. Wote thelathini na mmoja, kwa mpigo mmoja, fyaa! Kama ndege mmoja mkubwa amekung'uta bawa. Na mimi nilikuwa nimefunua ukurasa sasa hivi tu. Kisha kimya. Kimya cha wavulana wa darasa la nne, saa tano asubuhi, mlango wazi, mpira uko pale kwenye kona. Hakuna hata anayeutazama.

Wiki iliyopita nilikuwa mfagiaji na mgonga kengele. Leo nina tai. Waraka ulikuja, ukasema wavulana wanahitaji kumwona mwanamume akisoma. Shule ina walimu kumi na wanne, wote wanawake. Wanaume ni mimi na mlinzi, na mlinzi akikaa tu amelala. Mwalimu Mkuu akaniita ofisini. Akasema, kijana, kila siku kaa mbele yao nusu saa, soma kitabu chako kimya, wakuone, wakuige. Basi. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Akiridhika, ufagio atashika mwingine.

Sikumwambia niliishia darasa la tatu. Hakuuliza! Maandishi yangu nayasoma, maana nayajua tayari. Ya watu wengine yananishinda. Kwa hiyo nahesabu hadi arobaini, nalamba kidole, nafunua ukurasa. Akili hiyo!

Madamu Chaki, mwalimu wao wa siku zote, alichungulia dirishani. Alisema hawajawahi kutulia hivi hata wakiwa na homa. Hakusema kwa kusifu. Wivu tu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Midomo yao ilikuwa inacheza. Nikafurahi, wanasoma! Nikanyata katikati ya madawati, nikamwinamia mmoja mwenye kovu kidevuni, nisikie anasoma nini.

Thelathini na saba. Thelathini na nane.

Nikamsogelea wa pembeni. Thelathini na tisa.

Fyaa!

Nikarudi kitini, nikajaribu hila. Nikahesabu hadi kumi na mbili tu, nikafunua ghafla. Wakafunua. Hawakuwa wananitazama, naapa. Nikageuza kitabu juu chini, nikatulia. Nilipoinua macho niliona majalada thelathini na moja, na kila jalada tembo aliyechorwa amesimama kwa kichwa.

Mwenye kovu akaja kuniuliza neno. Nikakohoa mara mbili, nikamwambia nimesahau miwani nyumbani. Sina miwani. Sijawahi kuwa nayo. Lakini maneno hayo yameniokoa tangu nina miaka kumi na mitano. Akaitikia vizuri, akarudi kukaa.

Muda kidogo, kule nyuma, mtu akakohoa mara mbili. Sauti yangu kabisa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mama ametoka kliniki na kadi mpya ya dawa za presha. Wamebadilisha idadi ya vidonge. Nesi alimweleza haraka haraka, yeye akawa anaitikia tu. Hana wasiwasi, nyumbani kuna mpwa wangu, mtoto wa dada. Yumo darasani mwangu, dawati la pili. Huyo kusoma kwake ni kama anakunywa maji. Kadi zote za bibi yake kasoma yeye.

Akaishika kadi. Akaitazama. Midomo ikacheza kidogo. Kisha akakohoa mara mbili, akasema, bibi, nimesahau miwani shuleni.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Miwani gani wewe! Soma bwana! Mpwa akalamba kidole, akaigeuza kadi upande wa pili, akaitazama vilevile. Mama akaacha kucheka. Akasema, umekuwa mjomba wako mtupu.

Nilijisikia vizuri sana. Muda mfupi.

Halafu akanigeukia mimi. Nikakohoa. Nikamshauri aulize majirani. Akasema majirani atawaambiaje, na kashawatangazia kwamba nyumbani ana mwalimu? Dada yuko zamu kiwandani hadi Jumatatu. Basi mama akameza viwili, kama zamani, kadi akaiweka chini ya redio.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mkaguzi ni mzee mrefu, faili kwapani. Alikaa nyuma. Tulifunua kurasa kumi na nane bila kosa. Nilimwona akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajiona nimeshaupa ufagio kwaheri.

Halafu akasimama. Akamwomba wa dawati la kwanza asome kwa sauti.

Kikohozi. Kikohozi. Nimesahau miwani nyumbani.

Haya, wa pili. Mpwa wangu huyo. Kikohozi mara mbili. Miwani nyumbani. Wa tatu. Wa nne. Alipita mstari mzima, akapita mistari yote, na kila mmoja alisimama na mkono wa kushoto mfukoni. Mimi nasimama hivyo. Sikuwahi kujua kama nasimama hivyo mpaka leo.

Mkaguzi akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Akaniambia, basi tusomee wewe, mwalimu.

Nikakohoa mara mbili. Sikuwahi kufungua mdomo. Darasa zima likajibu, polepole, bila kugeuka: Amesahau miwani nyumbani.

Nje kengele ilikuwa haijagongwa.

Nikajua kwisha habari yangu. Lakini mkaguzi aliandika faili likajaa! Nidhamu ya ajabu. Macho ya wanafunzi, tatizo kubwa, wapelekwe kupimwa haraka. Mwalimu Mkuu akanishika mkono mbele ya watu. Jumatatu napewa na darasa la tatu!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Madamu Chaki alinisubiri kwenye stoo, mahali pa mifagio. Anajua. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema hata baba yake alikuwa na kikohozi kama hicho, akaenda nacho kaburini. Alisema kila siku saa kumi, wakishaondoka watu, darasani kwake kuna viti viwili, mimi na mpwa, tuanze mwanzo, hakuna atakayejua. Alisema, mdogo wangu, wale watoto walikuwa wanasoma. Nakuomba.

Nilimwambia nitafikiria. Mtego huo! Anataka nirudi kwenye ufagio.

Saa kumi nilikuwa sokoni. Nimepata miwani safi, fremu nyeusi, haina vioo. Sasa nani atasema nimeisahau?

Mama leo kichwa kinamzunguka. Anasema ni jua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kosa dogo katika mpango wa miwani. Mama kaiona asubuhi. Akapiga makofi, akasema Mungu mkubwa, mwanangu kapata macho. Akaenda kuchukua kadi chini ya redio, anashikilia meza, anashikilia mlango. Kliniki inafunga saa sita. Anataka tu kujua, ni kimoja au viwili?

Nikamwambia nasikia naitwa nje.

Nipo nyuma ya tangi la maji. Hapa nimejificha tangu utoto, hakuna anayepajua. Nilipofika, mpwa alikuwa ameshafika. Amekunja waya, ameuvaa machoni. Hakunitazama. Alisogea kidogo tu, akanipa nafasi, kama mtu aliyekuwa ananitarajia. Amepakata daftari. Anaandika. Nikiinua kalamu, naye anainua.

Nimekohoa, vumbi tu. Nyuma ya tangi la jirani wa kushoto mtu amekohoa mara mbili. Na wa kulia. Na kule ng'ambo ya barabara.

Mama anaita. Ameita jina langu, sasa anaita la mpwa, sauti inakatika katikati kama redio iliyoisha betri. Nimepata wazo lingine. Jumatatu nitasema kichwa kinaniuma. Hilo halihitaji hata fremu.

Inabidi niondoke sasa. Kandambili za mama zinaburuzika upande huu, zinasimama, zinaburuzika tena, na kadi anayo mkononi. Mpwa ameshanyanyuka.