Malalamiko Juu ya Motokari Iliyoponywa Bila Idhini Yangu

Likasi, Kikula, Alhamisi asubuhi

Kwa Bwana Placide, fundi wa motokari za kisasa, garaji ya nyuma ya soko

Concerne: Ombi la kurudishiwa uzito wa pedali ya mafuta

Bwana Fundi, ndugu yangu katika Kristo,

Pokea kwanza heshima zangu, halafu hasira yangu. Naanza na heshima kwa sababu nilikuwa karani kule Kakontwe miaka thelathini na moja, nikipima malori ya mawe ya chokaa, na karani hagombani na mtu kabla ya aya ya pili. Tena naandika kwa Kiswahili cha barua, si kile chetu cha nyumbani, maana cha nyumbani nikikianza leo hutasoma mpaka mwisho.

Jambo lenyewe unalijua. Jumamosi iliyopita uliingia katika parseli yangu, uani kwangu, na mfuko wa vyuma. Sikukuita mimi. Alikuita mke wangu, Mama Émérence. Ulifungua kapo, kifuniko cha moteri ya Toyota yangu, ile ya usukani wa kuume, ukaangalia kidogo tu, ukasema: “Papa, motokari haiko mugonjwa. Imesahau tu kusikia muguu.” Ukatoa waya wa betri, ukatungojesha nusu saa tukinywa chai. Ukapangusa kile kilango cha hewa mnachokiita papillon, kilichokuwa cheusi kama tako la sufuria. Halafu ukarudisha waya, ukaniweka kwenye usukani, ukaniamuru nizungushe ufunguo, nifungue kontakti bila kuwasha moteri, ningoje, kisha nikanyage pedali polepole mpaka chini na kuiachia polepole, ili akili ya umeme ijifunze upya mahali mguu unapoanzia na mahali unapoishia.

Hapo nakiri kosa langu moja. Ule muda wa kungoja mimi nilidhani ni wa maombi. Nikafumba macho, nikaomba kwa sauti, na nilipofika kwenye Amina nikakanyaga kama mtu anayeua nyoka. Ukaanza upya. Nikaomba tena. Mara ya tatu Mama Émérence alinifunga mdomo kwa mkono wake, na hapo ndipo akili ya umeme ilipopata nafasi ya kujifunza.

Tangu siku hiyo sina amani. Sababu ni hizi:

1. Lango. Kabla ya Jumamosi, ukikanyaga mafuta katika motokari yangu ulikuwa na wakati wa kusema Baba Yetu mpaka kwenye mkate wa kila siku, ndipo gurudumu lizunguke. Mimi nilizoea hivyo. Jumapili asubuhi nikakanyaga kama kawaida yangu, na nikiwa bado kwenye “uliye mbinguni” nikawa nimeshang’oa lango langu mwenyewe kwenye bawaba. Majirani walikuja kunipa pole. Walikuwa wanacheka, niliwaona.

2. Sifa. Miaka minne sasa kanisani naitwa dereva wa hekima. Maharusi wanapandishwa kwangu, wajane wanapandishwa kwangu, hata keki. Mchungaji Augustin alinitaja kwenye mahubiri yake juu ya upole. Sasa imejulikana kwamba mpole alikuwa motokari. Jumapili hiyo hiyo nilimbeba Mama Laure, mjane wa miaka sabini na tatu, na tulipotoka kwenye mzunguko wa rond-point yeye alikuwa kiti cha mbele na kitambaa chake cha kichwa kiti cha nyuma. Nikamwomba msamaha mara nyingi. Yeye aliniuliza tu kama Jumapili ijayo nitapita tena kumchukua.

3. Ushuhuda. Hapa umeingia katika mambo ya roho bila kubisha hodi. Mwezi wa nane motokari hii ilitangazwa kanisani kuwa na blocage, yaani kizuizi cha pepo. Tulifunga siku tatu. Mama wa maombi waliizunguka mara saba. Mchungaji akaweka mikono juu ya kapo, akaiondoa haraka sana, sisi tukasema ni upako, kumbe moteri ilikuwa bado ya moto. Nami nikasimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia kwamba kizuizi kimevunjika. Hakikuvunjika. Nilishuhudia kwa aibu, nisionekane mtu asiye na imani. Leo imepona kweli, na ushuhuda nimekwisha kuutumia! Niambie, Bwana Fundi, Jumapili nitasimama niseme nini? Kwamba pepo alikuwa masizi?

4. Kakanda. Hili nimeliweka la nne kwa makusudi, nikitumaini utakuwa umechoka kusoma.

Binti yangu Josée anakaa Kakanda na mume wake, Clovis, mmoja wa wale wanaochimba mawe kwa mikono yao. Siku ya ndoa yao, mbele ya familia zote mbili, tena chakula kikiwa mdomoni, nilisema kwamba mguu wangu hautakanyaga kamwe nyumba ya mtu anayerudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Ni mimi niliyesema hivyo. Mimi niliyekula chokaa miaka thelathini na moja, mpaka Josée alipokuwa mdogo alikuwa ananiita Papa Unga. Clovis aliinuka. Alileta jagi, akanimiminia maji ninawe mikono.

Wiki kumi na moja zilizopita Josée alijifungua mtoto wa kiume. Jina alilichagua Clovis, huyo huyo. Barthélemy. Jina langu mimi. Na wewe unajua desturi ya kwetu: mtoto akibeba jina lako, humtumi mtu. Unakwenda mwenyewe, unampakata, unamwita kwa hilo jina sikioni mara tatu, ndipo na wengine wanamwita. Mimi sijaenda. Kwa hiyo mtoto ana wiki kumi na moja, na nyumba nzima wanamwita “Ule” tu, yaani yule, kwa sababu wananingojea mimi. Ule amelala, Ule amecheka, Ule ameanza kushika vitu. Ndivyo Josée anavyonipa habari kwa simu.

Kila alipopiga nilimjibu kwamba motokari haiwezi kupanda vilima vya Kakanda. Ilikuwa sababu nzuri, Bwana Fundi, safi kabisa. Hakuna anayemkasirikia mtu ambaye motokari yake ni nzito. Mama Émérence aliivumilia sababu hiyo wiki kumi. Wiki ya kumi na moja akakuita wewe.

Tangu Jumamosi ameweka kwenye kiti cha nyuma mfuko wa unga, kitenge kipya cha mtoto na kuku mzima. Kila asubuhi anakwenda kumpa kuku maji, anafunga mlango wa motokari, anarudi jikoni. Kuku ameshataga mayai mawili mle ndani.

5. Simu. Hili la tano limezaliwa na la nne. Jana nilimpigia Josée nimweleze kwamba sasa pedali ina haraka ya kutisha, pengine si salama kwa safari ndefu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: “Papa, haiko lazima ukuje na motokari. Taxi-bus zinakuja huku kila siku. Miye nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nangojea weye, sikuwa nangojea motokari.” Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Nikaenda kukaa ndani ya motokari, mimi na kuku, nikalia kama mtoto. Usingegusa ile papillon yako, simu hiyo nisingeipiga. Kosa nakuhesabia wewe.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu. Kwanza, unirudishie kile kitambaa ulichopangusia. Masizi yale ni mali yangu na yarudi yalipokuwa. Pili, kama hayashiki tena, uniandikie cheti chenye muhuri kwamba motokari hii isivuke mwisho wa mji wa Likasi, nami nitakitundika sebuleni mahali Mama Émérence atakapokiona. Tatu, kama muhuri huna, basi njoo unifanyie mimi kile ulichoifanyia motokari: unitoe waya nusu saa, unipanguse ndani, unifundishe upya polepole. Maana na mimi, Bwana Fundi, moyo unakanyaga mpaka chini na mguu hauendi.

Ukishindwa yote matatu nitapeleka malalamiko yangu mbele, ingawa sijui mbele ni wapi.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto wote, umsalimie yule anayeuza mikate mlangoni pa garaji, na kila mwenye motokari anayengojea zamu yake wakati wewe unasoma. Wakikuuliza kwa nini unacheka, usiwasomee namba nne.

Wako kwa heshima na kwa hasira, kila moja kwa kipimo chake,

Barthélemy Numbi
Karani mstaafu

Nakala kwa:
Mchungaji Augustin, kwa maombi
Mama Émérence, ajue kwamba nimeandika
Josée, Kakanda (hii isitumwe)

N.B. Nilitoka asubuhi hii kukuletea barua mkononi. Kutoka kwangu garaji yako iko upande wa kushoto, na barabara ya Kakanda iko kuume. Mama Émérence alikuwa ameshapanda, amemshika kuku, anaangalia mbele. Ningependa kuandika kwamba ni motokari iliyochagua kuume, lakini wewe ni fundi, unajua vizuri kwamba ulitengeneza pedali, usukani hukuugusa.

Vilima vilikuwa viwili tu. Tulivipanda kabla sijamaliza kuviogopa.

Haya nayaandika kwenye meza ya Clovis. Alitutokea mlangoni na vumbi mpaka kwenye kope, akasimama, hajui mikono aiweke wapi, na mimi vile vile. Basi nikachukua jagi nimmiminie maji anawe. Alikataa mara mbili, kwamba baba mkwe hafanyi kazi hiyo. Mara ya tatu akainama, akanyoosha mikono. Josée alikuwa nyuma yake. Alinipa mtoto tu.

Nimemwita sikioni mara tatu. Sauti ilinikatika mara ya pili, ikabidi nianze upya, na safari hii hakuna aliyenifunga mdomo.

Sasa, ule mstari wa wino unaouona umekata namba nne na tano, ukashuka mpaka kwenye sahihi yangu, si mimi niliyeupiga. Nilimweka mtoto mapajani nisome barua mara ya mwisho, akakamata kalamu yangu ya bic pamoja na kidole changu, akavuta. Nilitaka kuandika upya kwenye karatasi safi. Mama Émérence amekataa. Anasema malalamiko yamefutwa na Barthélemy mwenyewe. Nimeangalia kwa macho ya karani, jina ni lile lile, na kwa utaratibu wa ofisi yamefutika.