Buti Lililobaki Chini ya Bawa

Kap, chwa. Kap, chwa.

Tulizisikia hatua kabla ya kumwona mwenye miguu. Fundi Presha alitua kikombe, akatega sikio.

"Hao ni watu wawili," akasema. "Na mmoja hajiwezi."

Kwenye kona ya ghala akatokea Dereva wa trekta la shamba, mguu wa kushoto buti la mpira, wa kulia ndala. Kijiwe kizima kikalipuka kwa kicheko. Tulikuwa tunamsubiri, kwa sababu Karani alikuwa ndiyo kwanza ametusomea tangazo lililobandikwa getini. Karani alistaafu kazi, lakini kusoma matangazo hakustaafu. Akaitoa tena simu aliyolipigia picha, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

"'Jana bawa la kulia la mashine ya kupandia lilianguka baada ya mpira wa mafuta kupasuka. Dereva alizembea kuweka chuma cha kuzuia silinda. Leo saa nne atahojiwa na kamati. Akikosa maelezo, kazi hana.'"

"Kazi hana na buti hana!" Fundi Presha akapiga paja. Yeye ndiye aliyeifungia mashine ile mabawa na mipira yake yote, kwa hiyo siku hiyo alikuwa profesa. "Nisikilizeni, nyie mnaojua jembe tu. Bawa linanyanyuliwa na silinda. Kinachobeba ni mafuta yaliyomo ndani. Mpira ukipasuka mafuta yanakimbia, bawa linakuja chini. Ndiyo maana kuna chuma: unakivalisha kwenye mkono wa silinda, unatia pini, basi. Hata mafuta yaishe yote, bawa linabaki juu. Mtoto wa chekechea anaweza! Na kimepakwa rangi nyekundu! Hata mbuzi angekiona!"

Mimi nami sikujizuia. Nikasimama, nikamtungia papo hapo:

"Dereva kaenda shamba, na mabuti miguuni,
Karejea akitamba, moja liko mashineni!"

Karani alicheka mpaka akakohoa. Mama Birika, mwenye kahawa yake, hakucheka.

Dereva akakaa mwisho wa benchi. "Cha kushoto nilikiweka. Nendeni mkaangalie, bawa la kushoto liko juu mpaka sasa hivi. Cha kulia hakipo. Wiki ya tatu hii hakipo."

"Kimeota miguu!" Karani akasema.

"Nilimwambia msimamizi. Akasema mvua haimsubiri mtu anayetafuta vyuma. Na wewe, Fundi, nilikuuliza. Ukaniambia mipira yako mipya, hata tembo aning'inie."

"Nilisema tembo aning'inie, sikusema wewe ujikunyate chini yake kama kuku anayetaga!"

"Udongo ulikuwa umeziba pa kutokea mbegu. Ningezibua kwa maombi? Nimesikia mpira umelia pwaa, nikaruka. Buti ndilo halikuruka."

"Kaka," Mama Birika akamuuliza taratibu, "una watoto wanne. Huko kwenye kamati utasema nini?"

"Ndicho ninachokitafuta, mama. Saa tatu na nusu hii, na bado sina neno."

"Sema ukweli, kwamba wewe ni bwege," Fundi akamsaidia. "Usilete visingizio kwenye kazi yangu. Mikono hii haina mzaha. Benchi hili mlilokalia, si lilikuwa likitumwagia kahawa kila siku? Nani alilituliza?" Akalipiga kofi. "Wiki ya tatu hii, halijatikisika hata mara moja!"

Birika la mama likasimama hewani.

Dereva alimtazama Fundi, akaitazama miguu ya benchi. Kisha akavua ndala, akapiga magoti mavumbini.

"Anatubu!" Karani akasema.

"Anatafuta buti!" nikadakia.

 Dereva alikwangua tope kwa ukucha pale mguu wa benchi ulipokanyaga. Ikatokea rangi nyekundu. Akashika kwa mikono miwili, akavuta. Benchi likainama kama zamani, na kahawa yote ya Karani ikaishia mapajani pake.

Kilikuwa chuma cha urefu wa mkono, kama bomba lililopasuliwa kwa urefu, na matundu ya pini kila upande. Hakuna aliyeuliza ni cha nini.

"Kilikuwa kimelala kwenye nyasi," Fundi akasema. Uprofesa ulikuwa umeshamtoka. "Siku ile nafunga mipira. Nikadhani ni cha akiba."

"Cha akiba!" Mama Birika akalitua birika kwa kishindo. "Si mtoto wa chekechea anaweza? Si hata mbuzi angekiona? Mbuzi watatu mmekikalia wiki tatu nzima, mnakunywa kahawa yangu na kumcheka mwenzenu!"

Fundi akaanza kuokota spana zake. Ghafla alikuwa na mteja anayemngoja. "Mpelekeeni tu chuma chao. Kamati wataelewa."

"Wataelewa kwamba nilikiiba mimi," Dereva akasema, "na leo nakirudisha kwa woga."

Spana za Fundi zilisikika zikigongana mpaka alipopotea nyuma ya ghala. Karani naye alikuwa anafuta suruali yake, anafuta hata palipo pakavu. "Mimi ni msomaji tu," akanung'unika. "Mambo ya mashine siyajui."

Nikabaki mimi. Dereva hakuniomba kitu. Alikuwa amekipakata chuma, anakipangusa tope kwa upindo wa shati. Nikaikumbuka siku ile Fundi aliponiambia, "Inua, kijana," nikainua benchi peke yangu, nikijisifia kifua, yeye akakisukumiza chini. Rangi niliiona. Nilipiga makofi.

Beti zangu zote zilikuwa zimenikauka mdomoni. Nikashika ncha ya pili ya chuma.

"Kaka, simama twende," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya ghala. "Naingia na wewe humo ndani. Nitawaambia wote kwa kinywa changu: aliyekisukumiza chini ni Fundi Presha, na aliyemwinulia benchi ni mimi."