Malalamiko Kuhusu Sabuni ya Wodi ya Wanawake

Lodwar,
Februari 2013.

Kwa Msimamizi wa Hospitali,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: tangu mama apasuliwe tumbo, naogopa mikono ya watu ninaowapenda. Lakini hilo silo lililonituma. Familia imesema kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne, nikulalamikie kuhusu Sista Nakal, muuguzi mpya, aliyeweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni na kusimama hapo kama askari.

1. Hana heshima kwa vyeo. Alimzuia daktari mbele ya wagonjwa. "Daktari, mikono." Daktari akasema, "Sista, mimi ndiye daktari!" Akajibiwa, "Vijidudu havisomi vyeti." Daktari alinawa. Tuliona aibu kwa niaba yake.

2. Babu Lomorukai alitoka Lopur kuja kumbariki mama kwa mate, kama desturi yetu ilivyo. Kwanza alitaka kumpa kila mgonjwa mkono, kitanda kwa kitanda, kama mtu mwenye adabu. Akaelekezwa kwenye ndoo. Akanawa, huku akinung'unika. Alipoinama kulitemea lile jeraha, Sista akaruka. "Babu, si kwenye kidonda! Tema dirishani, Mungu wetu Akuj atayafikisha." Babu akauliza, "Mate haya yalimbariki huyu siku aliyozaliwa. Leo yamekuwa sumu?" Hata hivyo akatema dirishani.

3. Mate yakamwangukia Lomunokol, mlinzi wenu, aliyekuwa akipita. Wiki hiyohiyo mbuzi wake akazaa mapacha. Baraka hiyo ilikuwa ya mama. Tunaomba mwana-mbuzi mmoja, ikiwezekana yule jike.

4. Mama anapona haraka mno. Wajomba wako njiani kutoka Katilu na Kaikor kuja kumwona mgonjwa. Wakimkuta amesimama anacheka, watasema tuliwadanganya. Mtazame Nyadak wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kitanda cha pili: alijifungua kwa upasuaji kabla ya enzi za sabuni, wageni wakamgusa wapendavyo, na hadi leo yupo. Wageni wake hawajawahi kumkosa.

Kwa hiyo tunaomba Sista Nakal ahamishwe, na sabuni ifungiwe stoo hadi jamaa zetu wote wamalize kusalimia.

Wasalimie madaktari, wapishi, wafagiaji, wagonjwa wote na mbuzi wa Lomunokol.

Ni mimi, kwa niaba ya ukoo,
Nasike Emuria.

N.B. Babu hajui kusoma, kwa hiyo hapa naandika yangu. Tafadhali usimhamishe Sista Nakal. Kesho Sista anabadilisha bandeji ya mama, na sitaki mikono mingine ikiguse kile kidonda. Kimekauka. Cha Nyadak bado kinatoa usaha, na usiku analia akidhani tumelala. Tujibu tu kwamba sabuni ni amri ya Nairobi. Babu huiheshimu serikali ikiwa mbali. Nami nakusihi, usimwambie mtu yeyote wa kwetu kwamba ni mimi niliyeomba hivi.