Maziwa ya Gurudumu la Nyuma

Jumatatu ile gazeti lilifika limelowa mvua, ikabidi tulikaushe kibandani kwangu, pembeni ya bamba langu la moto. Ndiyo maana habari ya meya tuliipata vipande vipande.

"Meya kamwagiwa," akasoma Askofu.

"Kamwagiwa nini?" akauliza Treni.

"Sijui. Ukurasa wa pili bado mbichi."

Nikaligeuza gazeti kama ninavyogeuza piadina, ule mkate bapa ninaouza, upande mmoja ukishaiva. Tukasubiri. Habari ikatoka. Kwenye mbio za baiskeli za wilaya, tairi la kijana mmoja lilichomwa na kigae mbele ya jukwaa la wageni, ute mweupe ukaruka, ukamchora meya kutoka kwenye tai mpaka kwenye viatu. Tairi likajiziba lenyewe, kijana akamaliza wa pili.

"Mnaona?" akasema Gramu. "Limejiziba. Lingekuwa la tyubu, yule kijana mpaka leo yuko kando ya barabara anatafuta kitundu kwa mate."

"Tairi limejiziba," akajibu Mastiki. "Suruali ya meya nani kaiziba?"

"Mwacheni meya," akasema Treni. "Barabara zake zina mashimo tangu achaguliwe, hajaziba hata moja. Safari hii walau kasimama karibu na kitu kilichozibwa."

Huku kwetu Romagna ya Italia mtu asiye na jina la utani ni mpita njia, kwa hiyo hawa wa benchi langu kila mmoja analo. Askofu hajaingia kanisani tangu azaliwe. Baba yake, ambaye hakuwapenda mapadri, alimwandikisha kwa jina la Ateo, yaani asiyeamini Mungu, nasi tukaona tumsawazishie. Nyonga zimemkatalia baiskeli; siku hizi kazi yake ni kunywa kahawa na kutoa hukumu. Treni ni Oriana. Aliendesha treni za mizigo mpaka alipostaafu, na baiskeli anaiendesha vilevile, akishaondoka hasimami mpaka kituoni. Mastiki ni mzee Sauro. Alikimbia mbio zama zile tairi linagundishwa kwenye ringi kwa mastiki, na ukimpa mkono leo utadhani gundi haijatoka. Gramu ni Germano, mpima ardhi, mume wa Mirka binti Mastiki. Anapima kila kitu. Siku moja aliipima piadina yangu kabla ya kuitia mfukoni, akaniomba niipunguze ukingo.

Sasa, kwenye shingo ya Mastiki inaning'inia filimbi. Mwenye filimbi ndiye anayeongoza msafara wa Jumapili. Akipuliza mnaondoka, akipuliza mnapumzika. Mwaka huu daktari wa moyo alimwambia aendeshe nyuma ya wenzake au aendeshe kiti cha sebuleni. Kwa hiyo filimbi ilitafuta shingo mpya, na Gramu aliitaka kuliko mtoto anavyotaka peremende. Si kwa ajili ya kupuliza. Tangu aoe, yeye anamwita mkwewe Baba, na mkwewe anamwita "bwana wa Mirka", kama mtu anayesoma bahasha iliyokosea mlango. Hajawahi kumwita mwanangu. Hata jina la Gramu hajawahi kumwita.

"Mimi nimeshahama," akasema Gramu, akaleta gurudumu akaliweka mezani katikati ya vikombe vyangu. "La mbele fundi wa mjini kanifungia. Hili la nyuma tunalifunga hapa, mshuhudie. Tyubu kwaheri, ndani ni upepo na maziwa ya kuzibia tu."

"Bwana wa Mirka kahama," Mastiki akamwambia Askofu. "Muulize anajaza upepo kiasi gani."

"Unajaza kiasi gani?" Askofu akauliza, ingawa Gramu alikuwa amekaa karibu naye kuliko mkwewe.

"Bari nne na nusu, Baba."

"Nne na nusu. Hilo si tairi, ni mto wa kulalia. Mimi najaza nane, tairi linalia kama kengele."

"Nane ndizo zilizokumaliza meno, mzee," akasema Treni.

"Meno niliyaacha kwa heshima, kwenye mawe ya mashindano."

"Baba, ukijaza sana tairi linarukaruka, nguvu inapotelea hewani," Gramu akaeleza kwa upole. "Siku hizi wamegundua kwamba pana na laini ndilo linalokwenda."

Askofu akatazama tumbo lake. "Pana na laini ndilo linalokwenda. Basi mimi nashangaa kwa nini siendi."

Treni akavuta kiti. "Gramu, hebu nifundishe mimi mjinga. Tyubu yangu ikitoboka naitoa, natia nyingine, najaza, nakwenda. Wewe ukichanika chaniko kubwa, maziwa yakashindwa kuliziba, unafanyaje?"

"Natia tyubu."

"Kwa hiyo unabeba tyubu."

"Ya dharura tu."

"Mtu kaacha sigara, anatembea na pakiti mfukoni."

"Lakini na zako, Treni, ukigonga shimo tyubu inafinywa na ringi, inatoka matundu mawili kwa mpigo. Yangu haina cha kufinywa."

"Matundu yangu nayajua kwa majina. Hayajawahi kunikojolea."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," akasema Mastiki. Kisha akaishika filimbi. "Nisikilizeni. Jumapili tunapanda mlima wa Paka Watatu. Wanaoifaa hii wawili, Treni na huyu bwana wa Mirka. Nitampa yule ambaye tairi lake litapanda na kushuka bila kuwasimamisha wenzake. Kiongozi akisimama, msafara unapoa miguu. Mimi nitakaa nyuma yenu, niyatazame matairi."

"Sawa, Baba," akasema Gramu. Akaanza kazi palepale, na masikio yamemwiva.

Ringi ilikuwa na utepe wake tayari, safi, hauna hata kikunjo. Ukingo wa kwanza wa tairi uliingia. Wa pili ukaingia nusu, ukagoma. Akasukuma, akapumua, akaliweka gurudumu mapajani, akalitia chini ya kwapa. Nilishaona mtu akikaza suruali ya harusi ya ujanani mwake, ilikuwa hivyohivyo. Mwisho akatoa liva mbili za plastiki, za kunyanyulia tairi.

Hapo Mastiki alifumba macho. Kwenye benchi langu kufunga tairi kwa liva ni sawa na kukata tambi kwa kisu. Watu hawakuambii kitu, ila wanakumbuka.

"Lete," akasema.

Akalibana gurudumu kwa magoti. Akaanza upande ulio mbali na valvu, akaubana ukingo uzame kwenye mfereji wa katikati ya ringi, akawa anautembeza huku na huku kwa vidole gumba kana kwamba analibembeleza lilale. Tairi likalegea. Ikabaki sehemu ndogo ya wazi karibu na valvu, na simu ya Gramu ikalia. Alikuwa Mirka. Simu ya Mirka haisubiri.

"Baba, kabla hujamalizia nitilie maziwa. Nusu kikombe yanatosha, yako hapo mezani." Akakimbilia nyuma ya kibanda.

Mezani palikuwa na chupa ndogo nyeupe ya Gramu, na palikuwa na jagi langu la kahawa za watu. Mastiki hakuvaa miwani, lakini hata angevaa nadhani angechukua lilelile. Alichukua jagi.

"Maziwa," akasema, na nikauona uso wake unafunguka. "Hata sisi tulikuwa tunatia. Tairi za hariri kwenye uwanja wa mbio zilikuwa zinavuja kama ungo, tunazitilia maziwa ya ng'ombe, zinaziba jioni nzima. Wanasema wamegundua. Wamegundua nini? Wameiba kwetu."

"Tia yenye malai," akashauri Askofu. "Yanashika."

"Yakipungua kwenye kahawa nisilaumiwe," nikasema mimi. Sikuona ajabu yoyote. Wote walikuwa wakiita maziwa, nami hayo ndiyo maziwa ninayoyajua. Treni alikuwa anasoma matokeo ya bahati nasibu.

Mastiki akamimina taratibu, akafunga sehemu iliyobaki kwa vidole gumba viwili, akajifuta. Gramu akarudi na mtungi wa hewa aliouazima kwa fundi. Akafungulia. Tairi likalia pa, halafu pa tena, kingo zimekaa. Askofu akainama chini ya meza, akasema ameangusha kijiko.

"Limeshika," akasema Gramu. Alilitikisa gurudumu, akasikia maji yanacheza ndani, akatabasamu. "Asante, Baba. Umelifunga kwa mikono mitupu."

"Nilikuwa nalifunga tairi, sikuwa nakufungia wewe," akasema mzee. Gramu aliyapokea hata hayo.

Wiki ile ilikuwa ya joto la kuchomea nyasi. Baiskeli ilikaa kwenye gari la Gramu, na gari likakaa juani. Jumapili walipokuja kuondoka Treni alinusa hewa, akaniuliza kama squacquerone yangu imeharibika. Nikamwambia jibini yangu haijawahi kuharibika tangu yeye akiwa na nywele nyeusi. Wakaondoka.

Nikabaki na Askofu. Kabla hata sijakanda unga wa pili aliomba kahawa, akaomba maziwa, akaona jagi liko mbali, akanyoosha mkono kwenye rafu ya siki na mafuta.

"Bibi Dirce, haya maziwa yako mbona yana picha ya gurudumu?"

Nikaitazama chupa. Ndiyo ile niliyoiondoa mezani Jumatatu nilipofuta. Kizibo chake hakijaguswa. Tukatazamana.

"Sasa mle ndani kaweka nini?" akauliza Askofu.

"Wewe ndiye uliyesema malai."

Akajikuna kidevu. "Labda yanashika."

"Joto hili? Ningekuwa mimi, ningeshatengeneza jibini ya ricotta."

Hatukuwa na la kufanya. Simu zao huziacha nyumbani kupunguza uzito, kwa amri ya Gramu. Nikapiga piadina, Askofu akakaa anaitazama barabara kama mjane wa vita.

Wa kwanza kushuka alikuwa Treni, mkavu, amenyooka, tyubu zake mbili hazina neno. Akaegemeza baiskeli. "Msiniulize. Wanakuja."

Wakaja kwa miguu, wakisukuma. Harufu ilitangulia. Mbwa wa jirani aliamka, akafikiria, akahama.

Ilikuwa hivi, kama alivyotusimulia Treni. Kupanda, Gramu alipanda vizuri, tena mbele yake. Kileleni mzee alimtazama hata akasema "hm", na kwa Mastiki hiyo ni hotuba. Kushuka, kwenye kona ya shamba la mizabibu, mwiba. Tairi la nyuma likaanza kupiga chafya, na kila chafya ilimpata aliyekuwa nyuma analitazama tairi kwa makini, mdomo wazi. Na ile tyubu ya dharura, Gramu alikuwa ameiacha nyumbani kupunguza uzito.

Mastiki alikuwa na vidonge vyeupe kwenye nyusi, kwenye masharubu, kwenye filimbi. Gramu alikuwa navyo mgongoni mpaka kisogoni. Alikuwa kama mtu aliyefiwa.

"Yameshindwa kuziba," akasema. "Maziwa ya bei ile. Nimewasimamisha wenzangu. Treni, filimbi ni yako. Mimi sijui kuchagua tairi, sijui chochote."

"Bari nne na nusu," akasema Mastiki, akitema. "Niliwaambia. Bwana wa Mirka na mito yake."

Askofu akainuka. Aliiweka chupa mezani, picha ya gurudumu ikamtazama Mastiki. Halafu pembeni yake akaweka jagi langu.

Gramu alitazama chupa. Akatazama jagi. Akaukagua mkono wake, akaunusa polepole, kama mpima ardhi anayeona mpaka umehamishwa.

"Baba," akasema. "Ulinitilia lipi?"

Mzee akawa anasoma bango la bei za vinywaji.

"Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki," akasema Askofu. "Hawakupata kunusa maziwa ya kale."

Treni akamaliza maji yake. "Mzee, kwa sheria yako filimbi ni yangu, na kwangu haina kazi. Anayetaka kujua niko wapi atautazama mgongo wangu. Lakini sheria haikusema mwamuzi amtilie mshindani chakula cha ndama. Mpe."

"Sikukosea," akasema Mastiki. "Aliniambia maziwa. Maziwa ni maziwa. Kama siku hizi wanaita gundi maziwa, kesho wataita gundi mvinyo, nayo nitakunywa?"

"Mpe," nikasema mimi, nikageuza piadina.

Mzee alisimama pale mpaka upande wa pili ukaiva. Alikuwa mtu wa kuvumilia milima, si jambo la namna hii. Hatimaye akainua kamba shingoni, ikanata kwenye nywele, akaivuta, akamvisha Gramu. Mkono wake ukabaki begani kwa kijana muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ingawa inawezekana ulikuwa umenasa.

"Mwanangu," akasema.

Gramu alilengwa na machozi. Askofu baadaye aligoma kukubali kwamba hayakuwa ya harufu.

"Puliza basi," akasema Treni. "Tukale upande unakotoka upepo."

Gramu akaiweka filimbi mdomoni, akavuta pumzi ya miaka yote ya ndoa yake, akapuliza. Haikulia. Akapuliza tena, mashavu yakajaa, macho yakatoka. Kimya. Kitu chembamba cheupe kikachungulia kwenye tundu la filimbi, kikakaa hapohapo.

Mastiki akainama, akalichunguza tundu kutoka karibu, akajinyoosha. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Na mlisema hayazibi."