Rezini Haisubiri Shikamoo

Jumatatu, 16 Juni

Mzigo umefika! Makopo mawili yameshushwa kwenye basi pale Mikumi, nikayafuata mwenyewe na kuyapakata njia nzima mpaka Kilosa. Moja rezini, moja hadina ya kuigandisha. Unachanganya, unakoroga, unamimina kwenye kalibu, kinaganda kijiti kigumu, unakikereza kwenye mashine, unapata kalamu ambayo hakuna mtu huku amewahi kuishika. Nimeangalia video mpaka bando limekata.

Sababu ya yote ni Ditram. Huyu nilimfundisha mimi kukereza, kwenye mashine yangu, akinywa chai yangu. Sasa ana kibanda chake Mikumi, anatengeneza kalamu za mninga na anaitwa fundi. Dada Vaileth, msimamizi wa duka la hoteli moja karibu na hifadhi, ana rafu tupu. Jumamosi atatazama kazi zetu wote wawili, rafu iende kwa mmoja. Mninga kila mtu anao! Mimi nitapeleka rezini ya bluu yenye nyuzi za katani ndani.

Nimeshamwambia mke wangu Generoza kwamba rafu ni yetu. Nimeshamwambia na mama yake. Tangu nilipopunguzwa kazi nyumba hii inakula kwa cherehani ya mke wangu, na kila asubuhi ile cherehani inaanza kulia kabla sijatoka kitandani. Naona aibu. Hilo siwezi kumwambia mtu, naliandika hapa tu.

Jumanne, 17 Juni

Maelekezo yanasema ukishachanganya una dakika chache tu kabla haijapata joto na kuganda. Sawa. Kwa kalibu nimekata bomba za plastiki za kupitishia nyaya za umeme, nimeziba chini kwa nta ya mshumaa, ndani nimepaka mafuta ya mgando. Katani nimeiosha vizuri. Rangi: bluu ya kufulia ya Generoza. Cha kukorogea: mwiko, maana sikuona kingine.

Nimechanganya. Nimekoroga. Uzuri ulioje! Na hapo hapo Mzee Lupakisyo akatokea njiani. Mstaafu wa reli. Ningefanyaje? Huwezi kumwamkia mzee umempa mgongo na mkono una glavu. Nikavua glavu, nikamfuata, shikamoo. Marahaba. Akamuulizia mke. Akamuulizia mtoto wetu Upendo. Akamuulizia mama mkwe, akauliza mahindi, akauliza na kifua kilichonisumbua mwaka juzi. Kisha akanisimulia treni iliyokwama Munisagara enzi zake, na kila behewa lilikuwa na habari yake.

Niliporudi kopo lilikuwa linafuka moshi. Limepinda ubavu mmoja. Mwiko umesimama wima katikati, hautoki kwa kuvuta wala kwa nyundo. Generoza akauliza ugali atasongea nini. Nikamwambia avumilie mpaka Jumamosi. Akauliza kama Jumamosi inasonga ugali.

Yule mzungu wa kwenye video hajawahi kusalimiwa na mtu! Anakoroga, anamimina, hapiti hata jirani.

Jumatano, 18 Juni

Mbinu mpya: kutosikia. Nimeinama, nakoroga kwa kijiti. Mama Sesilia, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Nikakaza macho kwenye kopo. Akasimama, akanitazama, akaondoka. Nimemimina! Kalibu zote zimejaa! Ushindi!

Ushindi umedumu mpaka mchana. Generoza amerudi sokoni na habari kwamba Timotheo siku hizi haitikii hodi, rafu ya Mikumi imemlevya hata kabla hajaipata. Imenibidi nivae shati la kanisani niende kwa Mama Sesilia kuomba radhi. Nimelishwa magimbi na mawaidha, na sikujua kipi kilikuwa kikavu zaidi.

Na vijiti? Mapovu matupu, maana katani niliyoiosha ilikuwa bado na maji. Ovyo kabisa. Nimeianika juu ya bati.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepata! Mgonjwa hasumbuliwi. Nimemwambia Yusrah wa dukani, ambaye habari haikai mdomoni mwake, kwa sauti dhaifu, kwamba homa imenilaza, nahitaji kupumzika. Generoza amekataa kuhusika, amesema kama ni uongo niupike mwenyewe. Nimejifungia chumbani, kalibu nimezipanga chini ya kitanda, nimechanganya.

Sijamimina hata ya pili, nasikia wimbo. Wimbo! Akina mama wa kanisa wamejaa sebuleni na uji na ndizi mbivu. Mama Sesilia yuko mbele, amenisamehe kabisa, kwani sasa anaelewa kwamba jana sikuitikia kwa sababu ya homa. Nikarukia kitandani na kopo mkononi, nikajifunika shuka mpaka kidevuni.

Wakaomba. Mama Sesilia akiomba hana haraka. Chini ya shuka kopo likaanza kupata joto, likazidi, likaniunguza tumbo, nikapiga kelele. Wakasema homa inatoka, wakaongeza sauti. Jasho likanitiririka. Mmoja akanusa, akasema chumba kinanuka dawa kama wodini. Mwingine akanishika mkono kunipa pole, akaona vidole vyangu. Bluu! Vyote! Kilio kikaanza.

Bryson wa bajaji akaitwa. Nimepelekwa hospitali nimebanwa na akina mama kushoto na kulia, njia nzima wananipepea. Nesi amenipima joto, akanipima presha, akavitazama vidole vyangu kwa muda, akaniambia nikanawe.

Ijumaa, 20 Juni

Kijiti kimoja kimepona, kile nilichowahi kumimina. Kigumu, bluu safi, nyuzi za katani zinaonekana kabisa. Nilikaribia kukibusu. Nikakifunga kwenye mashine. Kwa muda mfupi nilikuwa fundi mkubwa kuliko wote wilayani. Kisha nikabonyeza patasi kwa nguvu kidogo ili niwahi, paa! Kipande kimoja kimepita dirishani, kingine kimeangukia kwenye gauni la mteja ambalo Generoza alikuwa analishona. Amekitoa, amekiweka pembeni, ameendelea kushona. Afadhali angenigombeza.

Jioni nani anaingia? Ditram. Ametoka Mikumi na jogoo na machungwa, kwa sababu amesikia kwamba naelekea kufa. Nikarudi kitandani mbio. Akakaa pembeni yangu, machozi yamemlenga. Akasema ufundi wake wote ni wangu, na kesho atazungumza na Dada Vaileth juu yangu. Nikashikwa na uchungu, nikataka kulia. Kisha nikakumbuka kwamba huyu ni adui.

Jumamosi, 21 Juni

Sikwenda Mikumi. Mgonjwa anakwendaje?

Dada Vaileth amepiga simu. Pole nyingi. Anasema Ditram amegoma kuchukua rafu nzima wakati mwalimu wake amelala. Kwa hiyo nusu ni yake, nusu ni yangu, inanisubiri nikipata nafuu. Na nisijisumbue na mambo makubwa, kalamu za mninga zinatosha, ndizo wageni wanazoulizia.

Generoza amefurahi mpaka ameimba. Mninga uko stoo, mashine iko pale, Baba Upendo anza leo. Yeye haoni tusi lililomo humo. Nusu rafu! Kwa huruma ya Ditram! Kila mgeni atakayenunua kalamu yangu atakuwa ananunua machozi ya Ditram. Sitaki. Nitaichukua rafu nzima, kwa rezini, na yeye ndiye atakayeomba nusu.

Jumatatu, 23 Juni

Rezini iliyobaki inatosha mkupuo mmoja. Jana kanisani nilikaa nikatafakari mahubiri yote, na kosa langu sasa nimelijua: ugonjwa. Ugonjwa ni sababu ndogo, watu wanakuja tu. Inatakiwa sababu nzito, ambayo mtu akiisikia aogope hata kuukaribia mlango.

Kwa hiyo asubuhi nimemnong'oneza Yusrah, peke yake, kwamba mjomba wangu amefariki kule Malolo, na mimi nimejifungia ndani kwa majonzi. Mjomba Malolo sina, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Generoza aliposikia amefunika cherehani, amebeba kikapu chake amekwenda kwa mama yake Chanzuru. Vizuri. Nyumba iwe kimya.

Nimechanganya. Rangi imekubali, katani ni kavu kabisa. Naandika huku nasubiri mapovu yapande juu, halafu namimina.

Nje kuna gari limesimama. Watu wanashusha viti. Turubai linavutwa, na masufuria nayo, makubwa kwa mlio wake. Sijui ni jirani gani ana sherehe Jumatatu asubuhi. Watu wa mtaa huu hawana adabu hata kidogo kwa mtu aliyefiwa.